Nongo

Saa kumi na moja alfajiri, Gunsan haijapiga mwayo,
nafungua mabomba, nasuuza kitanda changu cha plastiki,
chekundu cha kupauka kama ulimi wa paka.
Sare yangu ni sidiria nyeusi na chupi, basi.
Miaka ishirini na sita nasugua wanawake.
Mkono wa kulia umeushinda wa kushoto kwa unene;
fundi wangu hukata mikono miwili tofauti
na bado hunitoza bei ya gauni moja.

Huja na ufunguo kwenye mpira kifundoni,
viatu wameviacha nje, na pete, na vyeo.
Kofi mbili nyongani: geuka.
Hakuna lugha nyingine hapa.
Ubavu. Geuka. Mgongo. Geuka.
Nimeona matumbo yenye mikunjo
kama bahasha iliyofunguliwa mara nyingi,
magoti meusi ya waliodeki sakafu za watu,
matiti yanayotazama kando, kama majirani walionuniana,
titi moja lililobaki peke yake
na mwenyewe akasema, pita hapo polepole, nikapita polepole.
Nimeona na mishono midogo nyuma ya masikio
ya wale waliovuta uso, wakatuambia walikuwa likizo.

Sisemi.

Alhamisi mama mwenye duka la miwani
akamleta bintiye, Haewon,
taulo tatu mwilini, humu tunamotembea kama tulivyozaliwa.
"Msugue sana mapajani," mama akasema, akicheka,
"huenda yakapungua."
Binti amemaliza chuo; zawadi yake imeshalipiwa Seoul:
kope zikatwe, zipate mkunjo.
Na kidevu, tutaona.
Mpiga picha wa maombi ya kazi
alikwisha kumpunguzia kidevu kwenye kompyuta,
sasa kimebaki kile cha nyama, kiifuate picha.

Nilimsugua mapaja kama ninavyosugua mapaja.
Nongo zikatoka, zikajiviringa,
kijivu, kama vumbi la kifutio daftarini.
Akainua kichwa. "Zote hizo zangu?"
"Zako."
"Mbona nyingi?"
"Za mkuu wa benki ni nyingi zaidi, na rangi ni hiyo hiyo."
Akacheka. Tumbo nalo likacheka,
likachelewa kidogo kunyamaza,
na kwa mara ya kwanza hakulifunika.

Kisha akalala mama.
Huyu nimemsugua tangu mimba ya mtoto huyu,
lakini mtoto hajawahi kusimama pale, na ndoo, kichwani pake.
Mama akafumba macho.
Jicho la kushoto halikufumba.
Liliachia upenyo, mwembamba kama ukucha,
mweupe ukimetameta ndani:
kazi ya sindano ya chumba cha nyuma cha saluni,
mwaka alioolewa, bei nafuu, asubuhi moja tu.
Hulala hivyo. Mume alizoea.
Haewon akainama na ndoo, akatazama,
maji yakamwagika miguuni pangu, ya moto,
nami sikuruka.

Mama, bado amefumba alivyoweza kufumba:
"Nani anachungulia?"
"Hakuna," binti akasema.

Wiki iliyofuata hawakuja. Wala iliyofuata hiyo.
Labda alikwenda. Labda zawadi ilirudishwa;
mwenye duka la miwani hajui kurudisha pesa.
Mimi nina kitambaa cha kijani na sabuni.
Ngozi natoa iliyokwisha kufa,
iliyo hai si yangu kuijadili.

Usiku, milango imefungwa, mwosha huoshwa:
Okbun wa kudeki hunilaza kwenye kitanda changu mwenyewe.
Sipendi. Natazama dari, matone yake,
nahesabu hadi arobaini, nasahau, naanza upya.
Jana mkono wake ulisimama katikati.
"Malsun, hili tumbo lako."
"Limefanyaje?"
Akafikiri.
"Lipo," akasema,
akanipiga kofi mbili nyongani.