Gia ya Kichaa

Padre Anselmo alipoondoka aliniachia vitu vitatu:
ufunguo, kitabu cha ufundi chenye madoa ya oili,
na neno moja, Pazienza.
Nilidhani ndilo jina la pikipiki.

Miaka kumi na mmoja sasa. Guzi,
nyekundu iliyokwisha kugeuka udongo wa Hombolo,
silinda mbili zimetoka mbavuni kama viwiko
vya mama anayejipenyeza mnadani.
Ukivuta mafuta ikiwa imesimama
inashtuka kuelekea kulia,
kama mtu aliyeitwa jina lake na anayemdai.

Chilongani wa Kizota, anayefumua Boksa huku anatafuna muhogo,
aliizunguka mara mbili, akainama, akanyanyuka.
"Mnyororo uko wapi?"
Haina mnyororo.
"Basi na mimi sina spana."
Akarudi kwenye muhogo wake.

Ndipo nikawa fundi, bila kupenda,
kama mtu anavyokuwa mjane.

Gasketi niliikata kwenye jalada la daftari la Ndahani,
Hesabu, Darasa la Tano,
na hadi leo ukichungulia chini ya kifuniko
unaona saba mara nane kando ya bolti.
Waya wa klachi ni wa breki ya baiskeli, umesukwa mara mbili.
Na upepo wa Agosti hapa kwetu haubishi hodi,
unaingia na viatu,
unakaa ndani ya kabureta na kuomba chai.

Kitabu ni cha Kitaliano. Jumapili baada ya misa
nilimpelekea Sista Fausta, kidole juu ya neno.
Candela?
"Mshumaa," akasema.
Nikarudi nyumbani nikijua kwamba plagi zangu
ni mishumaa miwili, inawashwa mara elfu kwa dakika
na upepo hauizimi,
ila pale Kigwe, kwenye kivuko cha reli, bila sababu.
Folle?
Akacheka, akafunika mdomo.
"Kichaa."
Lakini folle ni nyutro, ile taa ndogo ya kijani,
gia isiyokwenda popote.
Pazienza sikumwuliza. Hilo nilishalielewa.

Merina haulizi tena nimekwenda wapi.
Anauliza, "Imefia wapi?"
Nala. Veyula. Mlango wa benki.
Siku ya ubatizo wa mtoto wa shemeji, katikati ya Ipagala,
mimi na suti,
nimeipigia magoti kabla ya kupiga magoti kanisani.
"Hela za zabibu," husema, "zimeingia kwenye chuma,
na chuma hakizai."
Ana haki. Mavuno ya mwaka juzi yalinunua sili moja ya shafti
iliyofika kwa posta baada ya miezi minne,
na haikuwa saizi yake.

Jumamosi iliyopita akaja mnunuzi,
kijana wa Medeli, viatu vyeupe, pesa taslimu.
Betri sikuwa nimeichaji. Nilikuwa na uhakika.
Nikabonyeza.

Ikawaka.

Papo hapo, bila kikohozi, bila ule moshi wa kwanza,
imetulia kama ng'ombe anayecheua.
Kwa ajili yangu haijawahi kuwaka hivyo.
Kijana akatabasamu. Merina akatabasamu.
Nami nikahisi kitu nisichotaka kukipa jina,
kama kumkuta wako amejipamba,
na si wewe aliyekuwa akikusubiri.

Nikaanza kusema. Sikudanganya hata neno.
Nikamweleza sili, nikamweleza waya unaokula balbu za nyuma,
nikamweleza Kigwe, nikamweleza benki,
kwamba mvua ya Januari ikiinyeshea inanuna mpaka Machi,
kwamba gia ya pili huiingizi, unaiomba.
Viatu vyeupe vikaanza kurudi nyuma.
Pesa zikakumbuka mfuko wake.

Merina aliniangalia muda mrefu, akaingia ndani.
Akarudi na kigoda na bakuli la karanga,
akakaa, akaanza kumenya.
Mimi juu ya kiti, chuma kinanguruma chini yangu,
taa ya kijani imewaka,
hatuendi popote.