Ukuta wa Pili

Perpetua Akumu hakuja kugombana.
Alikuja saa nne asubuhi, viatu vyeupe mkononi,
macho yamevimba kama mtu aliyepika kwa kuni mbichi.
"Fundi, nimekesha wodi ya watoto.
Randa yako inapita juu ya kichwa changu."
Nikazima mashine. Vumbi la mvule likamtua
kwenye nywele, asilipanguse.

Nikasema nitaziba.
Kuziba ni neno jepesi;
uzito uko kwenye kuchagua.

Odembo, mwanagenzi wangu, akaleta trei za mayai.
Tukazipigilia mia mbili na kumi,
karakana ikawa banda linalosubiri kuku.
Mwangwi ulikufa, sikatai:
nikisema, sauti yangu ilitoka kavu
kama ya mtu aliyefungwa ndani ya gunia.
Lakini kelele yenyewe ilipenya ile karatasi
kama shemeji, bila hodi.

"Sponji," akasema muuza magodoro wa Kibuye,
akiikunja na kuiachia nione inavyopumua.
Nikaomba kipande, nikakitia kiberiti nyuma ya choo.
Kikalia machozi meusi, yakadondoka yakiwaka.
Nami hapa huchomelea bawaba kila Ijumaa!
Nilimrudishia salamu zake.

Magugu maji yaliyokaushwa: bei yake ni jasho tu,
ziwa linayatapika bila kuulizwa.
Panya walihamia kabla hatujamaliza kupima.

Makapi ya mpunga ya Ahero, magunia kumi na manne,
hayo niliyapenda. Ukitia mkono
yanakushika kidogo, kisha yananyamaza.
Nikadhani nimemaliza.

Ndipo Shivachi mwashi akapita kudai nyundo yake.
Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole,
akainamisha kichwa kama mkunga.
"Hii ni ngozi ya ngoma," akasema.
"Mbao nyembamba, bati nyuma yake.
Ngoma hainyamazi kwa kuvishwa sweta.
Chepesi hutikisika, fundi. Weka kizito.
Jenga ukuta wa pili, na usiuguse wa kwanza:
kama ndugu waliogawana shamba
wakaacha kijia katikati."
Nyundo akaisahau tena.

Basi plaiwudi, kisha mchanga mkavu wa mto,
kisha plaiwudi. Makapi tukayajaza kwenye kijia.
Mchanga ulishuka ndani ya fremu
kwa sauti ya mtu anayeambia mtoto *shhh*.
Siku tisa sikuranda hata kijiti.
Kitanda cha bwana harusi wa Nyalenda kilinitazama
bila miguu.

Siku ya kumi nikawasha mashine.
Odembo akaenda kusimama upande wa pili.
Akarudi akikuna shingo:
"Bado. Kama nyuki ndani ya kopo."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Mimi nimeujenga ukuta, tena wa pili,
na ufa ungali pale ukinicheka:
kitundu cha waya wa umeme tunaoshirikiana,
upana wake punje ya hindi.

Nikakanda gundi na unga wa mvule.
Nikapiga magoti, donge kidoleni.
Na kabla ya kuziba, sijui kwa nini,
nikatega sikio.

Upande wa pili kuna mtu anakoroma.
Si kwa adabu ya wauguzi, la.
Anakoroma kama msumeno butu kwenye mti mbichi,
anakwama, anavuta, anaanza upya.
Saa tano mchana. Niliyemdhania mwepesi
ana mbao nzito namna hii za kupasua.

Gundi ikanikaukia kidoleni.
"Fundi," Odembo akanong'ona, mkono kwenye swichi,
"niwashe?"

Nikainua kiganja.
Ngoja.
Mwache kwanza afike mwisho wa ubao.