Kadi ya Baridi

Oda imekuja kwa simu, saa nne, bati limeshaanza kulia kwa joto:
kadi mia sita, za wateja wa kahawa, Bremen na Oslo.
"Iwe ya baridi," anasema Bi Manjula, "ila isiwe na dini.
Nyota hapana. Mwezi hapana. Kengele zinatia shaka.
Malaika wa mwaka juzi walituletea barua."

Nimekaa Kiusa, ghorofani, juu ya fundi viatu,
feni inakata hewa ileile vipande vipande,
na Desemba hii natafuta baridi.

Ninayoijua mimi ni ya Julai:
ukungu umelala mpaka kwenye migomba ya Uru,
bibi Ndeambiliasia anapuliza kuni mbichi,
macho yanamtoka machozi, na sweta langu la shule
lina tundu kiwikoni.
Nikachora sweta. Nikachora na tundu.
Shekiondo wa mashine akachungulia:
"Hii kadi ya mchango?"
Nikafuta.

Nikachora jani la isale, la kuombea radhi,
halimdai mtu shahada wala ubatizo.
Nikalitazama sana.
Oslo watadhani ni kitunguu.

Basi nikafungua mafaili ya zamani.
Mlima. Kila mwaka, mlima.
Mara ya kwanza niliuchora mwaka ule nilipoajiriwa,
Kibo kajifunika barafu hadi masikioni.
Mwaka wa pili nikaipunguza kidogo, si kwa kupenda:
nilitoka alfajiri, kabla mawingu hayajaushika,
nikapima kwa jicho, nikarudi, nikajaza kahawia.
Wa tatu hivyohivyo.
Mafaili kumi na manne. Ukiyapitisha haraka haraka
mlima unavua nguo
mbele yako, bila aibu, kama mgonjwa mbele ya daktari.

Jioni Bi Manjula kaiona.
"Nzuri. Ila ongeza theluji.
Wanataka baridi ionekane ni baridi."

Na hiyo ndiyo kazi nyepesi kuliko zote.
Weupe hauchapwi. Mashine ya Shekiondo haina wino mweupe;
theluji ni pale tulipoiacha karatasi peke yake.
Kuongeza ni kufuta.
Wala haina gharama, hata senti.

Nikafuta. Kahawia ya mwaka huu, ya mwaka jana,
ya mwaka aliofariki bibi,
nikarudi nyuma mpaka kidole kikasita chenyewe.
Ndani nikaandika: Salamu za msimu.
Msimu upi, sikuandika.

Shekiondo akaishika ya kwanza, bado ina joto la mashine,
akaigeuzageuza kwenye taa.
"Theluji ya mwaka gani hii?"
"Ya oda," nikamjibu.

Zikakatwa, zikafungwa kwa mpira, mia sita,
na moja ya ziada
niliyoibandika kwenye kioo cha dirisha, picha ikitazama nje,
upande ule ambao mlima,
mawingu yakiuruhusu,
utaiona.