Chaguo la Kwanza

Fomu inafungwa saa sita usiku.
Sasa ni saa nne na robo, umeme upo, chai imepoa,
na mimi, Aikande Kimambo, daktari, mwaka wa tatu kazini,
nimekaa katika chumba cha kupanga hapa Moshi
nikikikodolea macho kisanduku kwenye skrini:
Chaguo la kwanza.

Swali linaonekana moja. Si moja.
Ubingwa ni miaka mitatu, minne ukikwama kwenye tasnifu.
Ubobezi ni mlango ulio nyuma yake,
na mlango ule haumfungukii kila abishaye.
"Anzia mwisho," aliniambia Dokta Ngowi, akinawa mikono hadi viwikoni.
"Unataka mioyo ya watoto? Uliza nani alikwenda Chennai, nani Cairo,
barua zao zilisainiwa na nani,
kisha kasomee pale anapokaa mwenye kalamu."
Akafunga bomba kwa kiwiko, akaingia chumba cha upasuaji.

Mwenye kalamu yuko Dar es Salaam.

Loishiye amepiga simu kutoka Mbauda, Arusha,
nyuma yake mashine ya kujaza upepo inakoroma.
Mume wangu hupima kila kitu kwa kilomita:
"Ukibaki Moshi, themanini tu, nakuja kila Jumamosi.
Ukienda Dar, nitakuja sikukuu.
Ukienda huko India, Aikande, nitakuja uzeeni."
Akacheka. Nami nikacheka, nimechelewa kidogo,
na kule kuchelewa tulikusikia wote wawili.

Nilipokuwa na miaka tisa, Kibosho,
niliamka usiku nikafungua mfongo kabla ya zamu yetu.
Nilitaka mama akute migomba imelowa, anisifu.
Maji yalipita kwetu kama mgeni mwenye haraka,
yakaenda kulala kwenye maharage ya mama Ndeanka.
Tulilipa madebe mawili.
Mama hakunichapa. Alinishika mkono,
tukaufuata mfereji mpaka unakoishia,
matope yakitunyonya viatu.
"Umefungua juu," akasema, "hujauliza chini."

Chini ni wapi?

Wiki iliyopita kilikuwa kitanda cha saba:
mtoto wa miezi mitano, wa Ngaramtoni,
midomo rangi ya zambarau,
akinyonya mara tatu, akipumzika kama mbeba mizigo.
Nilimwandikia rufaa.
Naisiae, mama yake, aliikunja karatasi mara nne,
akaifunga kwenye pindo la shuka,
akauliza nauli, hakuuliza ugonjwa.
Kisha, taratibu, kama anayeomba chumvi kwa jirani:
"Huyo daktari wa huko, yeye hawezi kuja huku?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na muhuri.

Saa tano na nusu.
Nikichagua Moshi nitabaki karibu na swali lile
nikilijibu kwa muhuri mpaka nistaafu.
Nikichagua Dar, na baada ya Dar ng'ambo,
huenda nikarudi nimekuwa jibu. Huenda pia
nikazoea bomba la maji ya moto,
na mshahara unaoingia tarehe yake,
na mwanangu akamjua bibi yake kwa uso wa simu tu.
Wapo. Picha yao ya mahafali iko ukutani idarani,
tunawataja kwa fahari, tunaipangusa vumbi.

Fomu haina kisanduku cha hilo.
Inauliza la kwanza, la pili, la tatu.
La mwisho haiulizi.

Naandika Dar es Salaam.
Nafuta.
Naandika tena, nabonyeza kabla mkono haujageuka.

Halafu nachukua risiti ya luku, nyuma yake nyeupe,
naandika: Ngaramtoni, kitanda cha saba,
naibandika kwenye mlango wa friji
kwa sumaku ile iliyolegea,
ambayo imeanguka mara mbili wiki hii
na ambayo kila asubuhi itabidi niitazame.