Ukurasa wa Njugu

Jumatano, siku ya soko Chavakali,
nilinunua njugu za shilingi kumi
kwa Agiza, aliyezifunga kama kawaida yake
ndani ya karatasi iliyosokotwa mithili ya pembe.
Njugu ziliisha kabla sijafika kinuni.
Karatasi nikaikunjua, nikainyoosha gotini:
mafuta yameifanya ipitishe mwanga,
chumvi imekaa juu ya maneno.

Ukurasa wa arubaini na nne. Kitabu cha nani, sijui.
Habari za Waazteki.
Mke anaamka kabla ya bata mzinga
(jogoo hawakuwa naye),
anapiga magoti mbele ya jiwe.
Usiku kaloweka mahindi katika maji ya chokaa
maganda yateleze,
na sasa anasaga, jirani anasaga, mtaa mzima unasaga,
mji unaamka kwa mkwaruzo.

Mimi Mudaki, mwenye mashine ya kusaga
nyuma ya posta, mwaka wa kumi na tisa huu,
nizibaye masikio kwa pamba nisiwe kiziwi,
nikajiona natajwa.

Halafu kipimo.
Mtoto wa miaka mitatu, nusu mkate wa mahindi.
Wa miaka mitano, mmoja.
Akitimiza kumi na mitatu, miwili.
Nikatazama gorogoro langu, limebonyea ubavuni,
nikamkumbuka Kageha na watoto wake watano.
Nikajaribu kuwagawia,
kwa nusu, kwa mmoja, kwa mmoja na nusu,
nikafika mahali hesabu ikagoma.

Mahindi! Tuliyapa jina kana kwamba yametoka Hindi.
Yakanyamaza,
kama mgeni aliyeitwa jina la mtu mwingine
akaona haya kusahihisha.
Yakakaa. Yakaoa.
Leo ukimwambia mama yangu hayakuzaliwa Maragoli
utaondoka bila chai.

Na chini ya ukurasa:
waliyapulizia pumzi kabla ya kuyatia chunguni
yasiogope moto.
Na aliyeona punje chini asiiokote,
punje ilikwenda kumshitaki kwa miungu:
*huyu aliniona nimelala, akanipita.*
Kisha mstari wa mwisho kabisa,
*Jioni, kazi zikiisha, wanawake huk-*
basi. Upande wa pili ni picha tu,
kamba za Wainka zenye mafundo ya hesabu,
nusu yake imemezwa na mafuta.

Nikarudi sokoni mbio.
“Agiza, arubaini na tano iko wapi?”
“Nimemfungia askari wa barabarani.”
“Aliisoma?”
“Alikula. Wewe ulitaka njugu au ulitaka shule?”

Tangu siku hiyo, kabla ya kuwasha mashine,
nainama juu ya debe la mteja, napuliza.
Wengi hucheka. Mmoja aliuliza
kama mahindi yake yana homa.
Kageha hakucheka. Aliinama naye,
tukapuliza pamoja,
vumbi likatupaka nyusi.
Deni lake linaning'inia nyuma ya mlango
kwenye kamba ya katani: mafundo manne.
Kumbe miaka yote hii nilikuwa naiga watu.
Sijafungua hata fundo moja, sitakudanganya.
Lakini punje za sakafuni,
zile nilizokuwa nikiwauzia wafuga kuku,
siku hizi naziokota mwenyewe kwa mkono,
na gorogoro la Kageha
halijui kwa nini linafurika.

Jana stima ilipotea saa kumi na mbili jioni.
Mashine ikafa katikati ya gunia.
Nikatoa pamba masikioni, nikapepesa macho.
Nyuma ya kanisa la Marafiki
mkwaruzo:
jiwe juu ya jiwe, polepole,
Kavere anasaga wimbi la uji
kwa sababu hajawahi kuniamini mimi na mkanda wangu.

*Jioni, kazi zikiisha, wanawake huk-*

Nikasimama gizani, unga kwenye kope,
nikimsubiri amalize.