Masizi ya Breki

Kabla jua halijapanda ukuta wa jirani
natoa ndoo mbili, moja ya gari, moja ya magurudumu,
maana masizi ya breki yana chuma ndani yake,
na kitambaa kilichoyagusa kikirudi kwenye bodi
kitaichora rangi kama paka aliyekosa njia.

Raya amelala. Kashuka jana saa nne usiku
kutoka zahanati ya Saiq, juu kule jabalini,
gari likinuka chungu kilichosahauliwa motoni.
Sikuligusa. Chuma cha moto hakimwagiwi maji:
sahani ya breki hujipinda, na kesho ukikanyaga
usukani unakutetemekea mikononi.
Nikaliacha lipoe,
nami nikalala chali, macho kwenye feni,
nikipoa pole pole kuliko chuma.

Sasa nachuchumaa. Magoti yanalalamika,
nayaambia yangoje zamu yao.
Gurudumu la mbele, kulia: jeusi,
weusi wa buni iliyoungulia kaangoni.
La nyuma halina kitu, vumbi la njia tu.
Ukiteremka uzito wote unaegemea mbele,
na mbele ndiko kunakolipa.

Sipulizi. Anayepuliza anaila pedi kwa mapafu.
Nayalowesha kwanza, nayaacha yalainike
kwa maji ya tangi la juu ya paa, ambayo mwezi wa Juni,
hata alfajiri hii, yamebakiza majani tu yawe chai.
Kisha brashi laini kwenye mikono ya rimu,
na mswaki wangu wa zamani kwenye matundu ya nati,
sita, kila moja imevaa kola yake ya uchafu.

Asidi sitaki. Kijana wa dukani pale Firq alinionyesha chupa,
dakika moja, akasema, rimu inang'aa.
Inang'aa, halafu inaliwa.
Nikamwambia, mwanangu, mie dakika ninazo.

Mama yake anadhani naipenda gari.
Jirani anadhani naogopa faini ya manispaa.
Waache.
Mie nasoma.

Wiki iliyopita yalikuwa mepesi, unga wa kupangusa na kidole:
alishusha gia, akaiacha injini imshike,
kama nilivyomfundisha akanicheka siku ile,
"Baba, hii otomatiki."
Wiki hii mazito, yameganda mpaka ndani ya ukingo.
Kuna kitu kilimtokea mbele.
Mbuzi? Jiwe? Ukungu, na mwezi huu hauna ukungu?
Au zamu mbili mfululizo, na mguu
ukawa unaogopa peke yake
bila kukiuliza kichwa.
Hatonambia. Akiamka atasema "salama,"
neno ambalo watoto wetu wanalivuta kama pazia.

Povu jeusi linanitiririka mpaka kwenye kiko cha mkono.
Hii ni pedi, nawaza, iliyojisaga
ili yeye asimame.
Ningependa yasiwepo kabisa.
Nashukuru kwamba yapo.
Sijui mtu anaombaje dua ya namna hiyo,
basi nasugua.

Nachungulia kati ya mikono ya rimu, napima kwa jicho:
pedi imebaki unene wa biskuti, na nyembamba.
Jumamosi nitabadilisha. Nitamwambia zilikuwa za bei rahisi.

Mlango wa uani unalia.
Raya, kanga ya mama yake begani, kikombe mkononi,
nywele bado zina umbo la mto.
"Baba, mbona saa hizi?"
"Uchafu tu."
Anayatazama magurudumu matatu meupe
na lile moja, la mbele kushoto, ambalo sijalifikia.
Anaweka kikombe juu ya boneti, jambo ninalolikataza
na leo silikatazi. Anachuchumaa,
anauchukua mswaki kwenye ndoo,
anaanza na nati ya juu.

Nati ya pili. Ya tatu.

"Lilikuwa lori la maji," anaiambia rimu.
"Kwenye kona. Halikuwa na taa."

Nikamsogezea ndoo.