Acha kukata uzito wa kreti mara mbili

Kichwa hicho kina herufi thelathini na saba,
nafasi zikiwemo. Nimezihesabu kwa kidole kwenye kioo.
Mbeleje hataki zizidi hamsini,
kisha mstari mtupu,
kama mtu anayevuta pumzi mlangoni
kabla hajasema kilichomleta.

Jumanne alipiga simu mkulima wa Mpunguzi,
Mama Chiloleti, kreti arobaini za zabibu,
upepo wa Agosti ukimkatia maneno.
"Mashine yenu inanila. Kila kreti, kilo na kitu.
Machi nilinyamaza, nikidhani ni jua.
Kompyuta siijui. Kreti zangu nazijua."

Barabara ya Tisa, ghorofa ya pili, juu ya duka la mabati,
Yaledi, miezi minne kazini,
alifungua msimbo akanionyesha:
toa moja nukta mbili.
Basi. Moja nukta mbili ya nini, haukusema.
"Niliuona tangu Mei," alisema,
"nikaogopa kuugusa. Nilidhani unashikilia ukuta."

Tukaiuliza historia.
Lini? Miaka mitatu iliyopita, saa nane na dakika kumi usiku.
Kwa nini? "Marekebisho madogo."
Nani?
Yaledi akainama kutafuta chaja ambayo ilikuwa mezani.

Madogo.
Kilo arobaini na nane za mwanamke mmoja, kwa mvuno mmoja.

Nilikumbuka kwa shida. Mizani ya zamani,
ile ya mshale, haikuweza kuisahau kreti.
Karani alipima kreti tupu, akanitumia meseji,
nami nikaikata huku, kwenye programu, nikaenda kulala.
Sababu ilibaki kwenye simu.
Simu iliibiwa sokoni Majengo.
Mwaka jana ushirika ukanunua mizani mipya,
inayoiondoa kreti yenyewe, bila kuambiwa,
na hakuna aliyejua kwamba sasa tunakata wawili.

Mbeleje hakunigombeza.
Kabla ya kazi hii alikuwa masjala, wizarani,
miaka sita ya majalada na madokezo.
Anajua ofisa huhamishwa Ijumaa,
na Jumatatu kiti kina mtu mwingine
anayesoma alichoachiwa, hana wa kumuuliza.
Alisoma nilichoandika, "Nimeacha kukata",
akasema, "Toa hiyo nime."
Kisha: "Haulizwi umefanya nini. Sema hivi:
badiliko hili likiingia, lita...
Ukishindwa kumalizia, hujui unachokabidhi."

Litaacha kukata. Ikakaa.
Nikaijaribu na ile ya kwangu ya zamani:
lita marekebisho madogo.
Lita ya nini, maziwa au mafuta ya taa?
Yaledi alicheka mpaka akakaa chini.
Mimi nilichelewa kidogo kucheka.

Kwa hiyo wewe, utakayefika hapa usiku,
umeme wa Nkuhungu umekatika, betri asilimia tisa,
mkulima ana hasira na hakosei:
jinsi nilivyofuta mstari utaiona mwenyewe,
msimbo hauna aibu, unaonyesha kila kitu.
Ambacho hauwezi kukuonyesha ni karani,
kreti tupu juu ya mshale,
na mizani mipya iliyoletwa bila sisi kuambiwa.
Hiyo ndiyo naiandika.
Mizani ikibadilishwa tena, anzia hapa.

Malipo ya Mama Chiloleti yanakuja
katika badiliko jingine, peke yake;
usiyachanganye na hili.
Mavuno ya Machi bado sijayakagua.

Jina utalikuta pale pale lilipokuwa.